Redio Iliyokuja na Posa

Bi Sumayya alipangusa kiti chetu kwa leso kabla ya kukikalia. Wala hakupangusa kwa siri. Alipangusa mbele ya mamangu na mbele ya shangazi zangu waliodamka alfajiri kukanda mahamri kwa ajili yake, kisha akaigeuza ile leso na kuitazama kuona imechafuka kiasi gani.

"Hili vumbi lenu jekundu," akasema, "lataka moyo."

Mamangu akacheka kwa adabu. Mimi sikucheka. Kiti kile nilikisugua mwenyewe asubuhi, na kama kilikuwa na uchafu basi aliuleta yeye kutoka Mombasa. Watu wa Mombasa wengine Voi wanaijua kama mahali basi linaposimama wakajisaidie na kununua maji. Wakilazimika kuingia nyumba zetu huingia wameinua pindo za buibui. Lakini mwali anayeposwa hana mdomo. Nilikuwa nimekalishwa mkekani pembeni ya chumba cha ndani, nimefunikwa mtandio wa rangi ya maziwa, macho chini na mikono mapajani.

Ilikuwa Ijumaa baada ya sala ya alasiri. Wanaume walikuwa sebuleni na babangu, Mzee Hashil, mwenye duka la vitambaa na betri hapo mbele ya nyumba. Sisi wanawake tulikuwa ndani. Kati yetu palikuwa na pazia tu, tena jepesi, kiasi kwamba nikiinua jicho nilimwona Fawaz, mwana wa Bi Sumayya, aliyekuja kuniposa. Nilikuwa nimejiapiza kuwa sitainua. Niliinua.

Alikuwa ameketi kati ya ami yake, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga, na kakangu Munir. Kanzu nyeupe, kofia ya viua, ndevu zimechongwa vizuri. Aliniona nikimtazama, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, na moyo wangu ukaruka. Nilikuwa na kila sababu ya kuukanya moyo ule, nao haukuniuliza.

Fawaz alikuwa mtangazaji wa Redio Marashi, stesheni mpya ya FM kule Mombasa. Mwaka ule wa tisini na tisa stesheni hizo ndiyo kwanza zilikuwa zikichipuka, na kijana akikabidhiwa maikrofoni alijiona amekabidhiwa nchi. Fawaz alijiona zaidi ya wenzake. Hata chumvi aliiomba mezani kwa sauti ya kusomea taarifa ya habari. Tulikutana kwenye harusi ya binamu yangu, akaniambia nina macho ya kumnyamazisha mtangazaji. Nikamwamini, ingawa siku nzima hakunyamaza.

Tangu hapo, kila Ijumaa jioni simu ya dukani ililia.

"Umenisikia leo?" angeniuliza.

"Sijakusikia. Ni mvumo tu."

"Ah, Voi yenu. Masafa yetu yanakufia Mackinnon Road, huko kwenu ni vichaka. Basi ngoja nikwambie nilivyosema." Hapo angeishusha ile sauti mpaka ikanigusa shingoni. "'Salamu hizi zimfikie Nasima wa Voi, taa ya nyumba yangu ijayo, ambaye moyo wangu haulali bila yeye.' Kisha nikakuwekea taarabu. Mombasa nzima yakujua jina."

Mombasa nzima, isipokuwa mimi. Niliyalilia masafa, mwenzenu. Nilitia betri mpya, nikafunga waya wa kuanikia nguo kwenye antena, nikapanda juu ya tangi la maji na redio kifuani, majirani wakinitazama. Nikapata mvumo uleule. Nilijiona mkosefu, kwamba mtu ananipenda mbele ya ulimwengu nami nashindwa hata kumsikia.

Kathini ndiye aliyenitia shaka. Tulisoma darasa moja, na sasa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Marungu, ambako vilima haviwazuii nao humpata Fawaz wazi kabisa. Siku moja aliingia dukani kununua chaki, akaniinamia juu ya kaunta.

"Nasima, huyo mtu wako mimi nimemsikia. Lakini si wewe anasalimia. Ni msichana wa Kilifi. Kila Ijumaa."

"Labda ni msikilizaji wake."

"Msikilizaji haongeleshwi hivyo. Mimi mwenyewe nilizima redio juu ya haya. Kuja Marungu Ijumaa usikie na masikio yako."

Mamangu hakuniruhusu kwenda. Alisema mwali anayesubiri posa hazururi, na kwamba Kathini ana kijicho kwa sababu mchumba wake ni askari wa kawaida tu. Babangu hakusema mengi. Yeye alikuwa ameshawapa watu wa Mombasa neno lake, kwamba wakija na mimi nikiridhia hatakuwa na kizuizi.

"Siwezi kuwarudisha watu kwa habari ya kusikia Marungu," aliniambia. "Ukimkataa, mkatae kwa jambo unalolijua wewe."

Nami nilikuwa silijui. Nilikuwa nampenda, na nilikuwa namshuku, na kwetu mwali akiulizwa mbele ya wageni akanyamaza, basi ameridhia. Ningenyamaza Ijumaa ile, mwezi ujao ningekuwa nyumbani kwa Bi Sumayya nikipanguswa kwa leso maisha yangu yote.

"Haya, tuwafungulie tulichowaletea," akasema Bi Sumayya.

Sinia zilifunuliwa moja baada ya nyingine. Palikuwa na doti za leso, udi, na viatu vya kisigino ambavyo mtu yeyote aliyewahi kunitazama miguu angejua havitaniingia. Mwisho likaja sanduku kubwa, na ndani yake redio kaseti nyeusi yenye spika mbili na antena ndefu. Shangazi zangu walivuta pumzi. Bi Sumayya alizisikia pumzi zile akaridhika.

"Hii ni ya mwanangu mwenyewe. Fawaz, njoo uwaonyeshe, huku hawajui hivi vitu."

Sisi tuliokuwa tukiuza betri za redio tangu kabla Fawaz hajabalehe.

Akaja akasimama penye pazia, akaomba radhi kwa akina mama, kisha akachutama karibu na mkeka wangu. Harufu ya udi wake ilinifikia. Akachomeka waya ukutani, akavuta antena, akausukuma mshale hadi kwenye namba ya Mombasa. Redio ikavuma shhh, ileile ninayoijua. Nilidhani atasikitika. Alicheka.

"Mnaona? Kipindi changu nimekirekodi jana. Saa hizi Pwani yote yanisikiliza, nami niko hapa nanywa kahawa ya Mzee Hashil." Akaniinamia kidogo, na sasa alikuwa akinong'ona. "Leo nimekusalimu kuliko siku zote. Pole hutasikia. Ukija Mombasa utachoka kunisikia."

"Na ule mnara mpya?" nikamuuliza, macho chini.

"Mnara gani?"

"Wa kilimani. Nilikwambia kwenye simu. Mafundi wenu wako hapa mwezi wa pili huu. Wanasema watajaribu mitambo leo."

"Nasima, Nasima." Alitikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mtoto akisimulia ndoto. "Wale ni watu wa grisi. Mimi nakaa studio, hata majina yao siyajui. Huo mnara ni habari za mwaka ujao."

Akarudi sebuleni akiacha redio ikivuma.

Kusema kweli hata babangu alikuwa amekwisha kuwadharau mafundi wale. Waliwahi kuutangazia mji kwamba wanawasha Ijumaa, watu wakakaa na redio zao wakisikiliza hewa. Ijumaa iliyofuata ikawa vilevile. Lakini walikuwa wateja wetu wa waya na sabuni, na mimi niliwauliza maswali. Waliniambia mnara wa Voi hautatumia namba ya Mombasa, bali utakuwa na namba yake, ili masafa mawili yasigongane. Tisini na nne nukta moja. Mji mzima uliijua namba ile. Mtangazaji wa Redio Marashi ndiye hakuijua.

Sauti ya mshenga ikapanda kule sebuleni, akashukuru, akasifu koo mbili, akaomba. Babangu akajibu kwa ufupi. Kisha pazia likafunguliwa na Munir akaingia, uso umemkaza, maana naye alikuwa hajawahi kufanya kazi ile.

"Nasima, baba anakuuliza mbele ya hawa mama zetu. Fawaz anakuposa kwa halali. Waridhia?"

Nikanyamaza.

Sikunyamaza kwa kuridhia. Nilinyamaza kwa kuwa maneno yote mawili, ndiyo na hapana, yalikuwa yamenikwama pamoja. Bi Sumayya aliuona ukimya wangu akauchukua haraka.

"Kimya," akawaambia shangazi zangu. "Mwajua maana yake." Na akapeleka mkono mdomoni kupiga kigelegele.

"Ngojeni," nikasema.

Mkono ukamsimama hewani. Nikasogea mkekani mpaka kwenye ile redio.

"Nataka kuisikia redio yangu kwanza."

"Usiiguse, mwanangu ameshaipanga."

"Ameipanga Mombasa. Sisi tuko Voi."

Nikashika kitufe nikauvuta mshale taratibu. Sitaki mdhani nilikuwa namtegea mtu. Nilikuwa nataka Kathini awe mwongo. Nilikuwa nataka kwa mara ya kwanza nisikie jina langu kwenye hewa, na mamangu alisikie, na Bi Sumayya aliyepangusa kiti alisikie, halafu ninyamaze kwa furaha mpaka vigelegele viishe. Mshale ulipofika kwenye tisini na nne nukta moja nikautoa mkono.

Mvumo. Bi Sumayya akaguna. Munir akakuna shingo.

Kisha mvumo ukakatika, na fidla ya taarabu ikajaa chumbani, safi kabisa, hata ukasikia mpigaji akivuta pumzi. Shangazi yangu mkubwa akasema mashallah. Wimbo ukafifia, na Fawaz akaanza kuzungumza. Fawaz mwenyewe nilimwona kupitia pazia, kikombe cha kahawa kimemsimama karibu na mdomo.

"Wasikilizaji wapenzi," redio ikasema, "mwajua Ijumaa yangu haiishi bila salamu zangu mwenyewe. Basi salamu hizi zimfikie Mwanamvita wa Kilifi, taa ya nyumba yangu ijayo, ambaye moyo wangu haulali bila yeye. Mwanamvita, mahari imefika kwenu. Mwezi ujao, inshallah, utakuwa wangu, na nyote mnaonisikia ni mashahidi."

Neno kwa neno. Hata pale anaposhusha sauti ni palepale.

Nilimtazama Bi Sumayya, na hapo ndipo nilipoumia hasa, kwa sababu hakushangaa. Mkono wake ulikuwa ukipapasa vitufe kutafuta pa kuzimia. Akabonyeza kimoja, mlango wa kaseti ukafunguka. Akabonyeza kingine, sauti ikapanda.

"Huku hawajui hivi vitu," akasema shangazi yangu mkubwa.

"Ni mitambo hiyo," mshenga akasema kule sebuleni. "Mitambo huchanganya majina."

"Imechanganya na Kilifi pia?" babangu akauliza. Hakuwa amepandisha sauti.

Bi Sumayya akaacha vitufe akajivika heshima yake upya. "Basi iweje? Mwanamume ana ruhusa ya wanne. Kilifi ni jamaa zetu, ilikuwa ahadi ya zamani. Na huyu wa Voi, kusema kweli, alitakiwa kufurahi kupata nafasi."

"Wanne hakututajia," mamangu akasema. Ni neno lake la kwanza kali tangu wageni waingie. "Alitutajia mmoja. Nami nilimgombeza mtoto wangu kwa ajili ya mwanao."

"Munir," babangu akaita. "Nilikutuma jibu. Umelipata?"

"Bado, baba."

"Lete jibu, basi. Wageni wasingoje."

Nilisimama. Mtandio uliteleza ukaanguka mkekani, nikauacha. Munir alikuwa tayari kulibeba jibu langu kulipeleka nje kama desturi ilivyo, lakini sikumpa.

"Siridhii," nikasema, kwa sauti ya kuvuka pazia. "Siridhii, baba, na ninalijua ninalolikataa."

Nikatoka kwa mlango wa nyuma hadi uani, kwenye tangi la maji, nikashika ukingo wake wa baridi. Sikulia pale. Nilisikia hatua za viatu vya ngozi na nikajua ni vya nani.

"Nasima, nisikilize." Sasa haikuwa sauti ya redio. Ilikuwa nyembamba, sauti ya mtu yeyote. "Kilifi ni mpango wa mama. Wewe ndiye wa moyo wangu."

"Na yeye wamwambiaje? Mimi ni mpango wa nani?"

"Yeye hajui habari zako."

"Bila shaka hajui. Kilifi inakusikia, kwa hiyo Kilifi ulikuwa mkweli. Voi haikusikii, kwa hiyo Voi ulisema upendavyo. Ulinipenda mwisho wa masafa, Fawaz."

"Usinifanyie hivyo. Kila Ijumaa nani alikupigia simu? Hiyo haikuwa kweli?"

Nilimtazama vizuri. Alikuwa mzuri bado, na hilo lilinikasirisha kuliko mengine. Nilikumbuka nilivyosimama juu ya tangi lilelile na waya wa nguo.

"Nikuulize jambo moja. Yale maneno. Taa ya nyumba yako. Ulimtungia yeye kwanza au mimi?"

Aligeuka kuutazama mlango wa nyuma, kuona kama mamake anasikia.

"Pengine ningekusamehe mke wa pili," nikamwambia. "Wengine huishi hivyo na huishi vizuri. Lakini ulishindwa hata kunitungia sentensi yangu mwenyewe. Ulitoa jina lake ukatia langu, ukatoa Kilifi ukatia Voi. Nilikuwa nikilala na maneno yale. Nilikuwa nikiyasema peke yangu nikipanga betri dukani."

"Ni nani aliyeuwasha huo mnara?" akauliza, ghafla, kwa hasira ya kweli.

Hapo ndipo mapenzi yalipoanza kunitoka. Hakuuliza nimeumia kiasi gani. Aliuliza ni nani.

"Watu wa grisi," nikasema. "Hukuwauliza majina."

"Utazeekea kwenye kaunta ya babako. Hakuna mtu wa Mombasa atakayerudi kukutafuta kwenye vumbi hili."

"Basi vumbi litakuwa limepungua."

Nilipita kando yake nikaingia dukani kwa mlango wa ndani. Nje wageni walikuwa wakipakia sinia zao kwenye gari, maana babangu aliwaomba wasisahau chochote, kwa upole ambao mimi nisingeuweza. Mshenga alibeba udi. Bi Sumayya alibeba viatu. Redio waliichomoa wakaitia kwenye buti, nikadhani sasa itakuwa kimya.

Haikuwa kimya. Mji mzima ulikuwa umeshaipata tisini na nne nukta moja. Upande wa pili wa barabara, Mwanzia wa bucha alikuwa ameitundika redio yake kando ya nyama na kuifungulia mpaka mwisho. Kinyozi aliifungulia. Mama wa mitumba aliifungulia, na kibanda cha chai, na lori la mkonge lililokuwa limeegeshwa, safarini kwenda Mwatate. Watu walikuwa wamesimama milangoni wakicheka kwa furaha kwamba hatimaye Voi nayo inasikia. Kila upande Fawaz alitoka dukani mwa mtu akimshukuru Mwanamvita wa Kilifi kwa uvumilivu wake, na Fawaz mwingine, wa kanzu, alipita katikati yake mwenyewe akielekea gari, kichwa chini, akijaribu kufika mlangoni bila kukimbia.

"Huyu jamaa anapenda huyo bibi yake," Mwanzia akaniita kutoka ng'ambo, hana habari. "Sauti tamu kweli."

"Ndiyo," nikasema. "Tamu."

Gari lilikataa kuwaka mara ya kwanza. Kioo cha nyuma kilikuwa wazi, na macho yetu yakakutana. Sitaficha, nilimtazama. Mwaka mzima hautoki mtu mwilini kwa alasiri moja. Kipindi kilikuwa kimefika mwisho, na sauti yake ikashuka pale inaposhukia siku zote, ikatoka buchani na kwa kinyozi na kibandani kwa pamoja.

"Naaga kwa leo. Taa yangu, popote ulipo, umenisikia?"

"Nimekusikia," nikamjibu, kwa mara ya kwanza tangu tujuane.

Gari likawaka. Sikungoja lifike barabara kuu. Nilichukua kitambaa kwenye kaunta, nikakilowesha maji, nikaingia ndani kupangusa kile kiti alichokalia mamake.